Salamu Zangu Katika Hekalu la Watu

Nimefedheheka leo. Nimefedheheka mchana kweupe, pekupeku, nikiwa na alama nyekundu kwenye paji la uso na kipaza sauti mkononi. Ninaandika haya nikiwa nimejifungia chumbani, kwa hasira, kabla Papa Dieudonné hajawasimulia kwa namna yake. (Najua ameshaanza. Nimesikia vicheko ngazini.)

Wengi wenu mnafahamu kwamba ninasomea shahada ya uzamili katika masuala ya turathi hapa Durban, na kwamba shahada yangu ya kwanza, kule Kenya, ilikuwa ya masomo ya dini. Mnafahamu pia, kwa sababu nimewachosha kwa maelezo, kwamba ninaupinga utalii wa kuvamia. Basi linasimama mbele ya hekalu la Wahindu. Watu wanateremka na kaptula zao na aiskrimu zao. Wanampiga picha bibi anayeomba, wanapanda basi, wanaondoka. Bibi wa watu amegeuzwa mandhari! Mimi nikasema hapana. Nitaanzisha matembezi ya miguu, ya faragha, mgeni mmoja au wawili tu kwa safari, katika nyumba za ibada za kale za mji huu. Tutaingia kwa ruhusa. Tutavaa inavyopasa. Tutanyamaza.

Likumbukeni neno hilo. Tutanyamaza.

Wazo lenyewe sikulitunga peke yangu. Mwaka jana nilibahatika kupelekwa Kyoto kwa kongamano la wanafunzi, na siku ya mapumziko mama mmoja wa makamo, Bi Haruko, alinitembeza katika mahekalu ya kale ya Kibudha na ya Kishinto. Ndiyo kazi yake. Tulikuwa wawili tu, kwa miguu, kuanzia asubuhi hadi nilipoanza kuchechemea. Hakuwa msemaji sana. Alikuwa na kanuni moja: mgeni amtazame mwongozaji wake, na afanye kama afanyavyo. Kwenye birika la mawe langoni alichota maji kwa kata, akanawa mkono wa kushoto, kisha wa kulia, akasukutua kinywa. Nami nikafanya vivyo hivyo. (Nilimeza. Maji yale hayamezwi. Aligeuka upande kwa adabu, akajifanya anatazama mti.) Mbele ya madhabahu aliinama mara mbili, akapiga makofi mara mbili, akainama tena. Nami nikainama, nikapiga, nikainama. Sikuwa nimebadili dini. Nilikuwa mgeni mwenye adabu, basi. Nilirudi Durban nikiamini kwa moyo wangu wote kwamba hivyo ndivyo binadamu wanavyopaswa kuingia patakatifu pa wenzao.

Sasa Bi Haruko yuko Durban. Amekuja kumwona mwanawe anayefanya kazi katika kiwanda kimoja kule Jacobs. Nikamwalika awe mgeni wangu wa kwanza. Nani mwingine angestahili?

Ilibaki ruhusa. Msikiti ulitukubalia kusimama uani, na kanisa kuu la Kikatoliki lililo ubavuni mwake huwa wazi kwa kila mtu. Hekalu ndilo lililokuwa gumu, nalo ndilo moyo wa matembezi yote, kwa sababu lilijengwa na vibarua wa mashamba ya miwa kwa mikono yao wenyewe, na bila hilo historia ya mji huu haielezeki. Mwenyekiti wa kamati yake ni mama wa Kihindi ambaye mtaa mzima humwita Anti Premila. Alinikaribisha nyumbani kwake kwa chai nzito ya maziwa, akanieleza kwa nini hawapokei makundi.

Miaka kadhaa iliyopita walikuja watu waliojitambulisha kuwa wapenzi wa historia. Wakapewa mahali pa kukaa, wakapewa chakula. Kisha mmoja wao akasimama katikati ya ibada, akaanza kuwahubiria waliomo kwamba wanaelekea motoni. Mbele ya wazee! Mbele ya madhabahu yao! Na jambo lenyewe lilikuwa tayari ni kidonda katika mtaa ule, maana zipo familia ambazo watoto wamehamia makanisani na siku ya sikukuu hawali tena chakula alichopika mama yao.

"Wewe ni Mkristo," aliniambia. Hakuwa akiuliza.

"Ndiyo, Anti."

"Na hutatuhubiria?"

Niliweka kikombe chini. Niliwakasirikia wale wahubiri kwa niaba yake, nikawakasirikia kwa niaba yangu pia, kwa kuniharibia jina kabla sijafika. Nikamwambia kwamba afadhali nikatwe ulimi. Anti Premila akasema tuje Jumapili. Kamati itatuangalia tunavyojiweka, kisha itaamua. Ikikubali, matembezi yangu yatakuwa na moyo. Ikikataa, yatabaki kuwa safari ya kutazama kuta kutoka upande wa pili wa barabara, sawasawa na wale wa basi.

Jumapili. Hilo nalo lizingatieni. Kila Jumapili, karibu na saa tano, mimi huwa nimesimama mbele ya ushirika wetu wa Wakenya nikisoma matangazo na kukaribisha wageni. Ni kazi niliyoizoea tangu utotoni. Baba yangu ni shemasi kule Machakos, nami nilipewa kipaza sauti kabla meno ya utoto hayajaniisha kinywani. Leo niliomba udhuru. Dhamiri yangu ilikuwa safi kabisa.

Jambo moja tu lilinitia wasiwasi asubuhi hii, nalo lilikuwa Papa Dieudonné.

Kwa wasiomjua: ni jirani yangu wa chini, mtu wa Bukavu, anauza chaja na makava ya simu katika soko la Warwick Junction. Kupita pale na mgeni mwenye kamera shingoni si jambo la kulifanya mwenyewe, na yeye anajuana na kila muuzaji, kwa hiyo nilimwomba atusindikize. Ni mtu mwema sana. Lakini alitokea mlangoni amevaa shati la kwaya.

"Papa, hilo shati naomba uligeuze," nikamwambia.

"Juu ya nini, dada? Iko safi."

"Mgongoni limeandikwa Yesu Anaweza."

"Si anaweza?"

Nilimweleza kwa upole. Nilimweleza habari ya wahubiri, habari ya kidonda, habari ya mamlaka na historia. (Nadhani nilitaja wanazuoni. Hakuwa amekunywa chai bado.) Akalivua pale pale ngazini, akaligeuza ndani nje, akalivaa. Maandishi yakawa bado yanaonekana, ila sasa yalisomeka kinyumenyume kama kwenye kioo. Nikamwambia kwamba kanuni ya leo ni moja: dini zetu tunaziacha nyumbani.

"Dada," alisema, "kwangu wezi walishavunja mlango mara mbili. Mimi kitu ya maana siachi nyumbani."

Bi Haruko alikuwa akitungoja chini, amevaa kofia pana na glavu nyeupe za kujikinga na jua. Tukaanza safari. Na nataka iandikwe mahali fulani kwamba mwanzo ulikuwa mzuri! Juu ya daraja la miguu la Warwick Junction, katikati ya mizizi na magome na moshi wa majani ya kufukiza, mama mmoja wa Kizulu anayeuza dawa za miti shamba alimsalimu Bi Haruko. Bi Haruko akainama. Mama yule, kwa kuona ameinamiwa na mtu mzima, naye akainama. Bi Haruko hakuweza kuliacha hilo hivi hivi, akainama zaidi. Wakaendelea hivyo mpaka foleni ikajiunda nyuma yetu na mchukuzi mwenye mkokoteni wa kabichi akauliza kama kuna msiba.

Papa Dieudonné alikuwa akiimba chinichini. Nikamkataza. Akaupiga mluzi wimbo ule ule. Nikaukataza na mluzi. Tuliposimama kwenye robot, kama tunavyoziita hapa taa za barabarani, nilimkumbusha tena kwamba neno moja tu lisilo mahali pake lingetufungia lango la hekalu kwa miaka.

"Tranquille, dada," akanijibu, yaani nitulie. "Kinywa yangu haina shida."

Karibu na msikiti tulilikuta basi la watalii, na waliomo wameshateremka, wanawapiga picha wanaume waliokuwa wakitawadha. Sikuweza kuvumilia. Nikawaendea, nikawaeleza kwa sauti ya kawaida kwamba ibada si maonyesho, kwamba aliyealikwa hutulia, kwamba mgeni wa kweli hujisahau yeye na mazoea yake ya kwao. Walinisikiliza kwa makini sana. Kisha mmoja wao akanipiga picha.

Niliendelea na safari kwa hasira. Hasira ya haki, nilijiambia.

Hekaluni tulifika mapema. Tulivua viatu kwenye kibanda kilicho kando ya lango, tukanawa miguu na mikono bombani. Uso wa Bi Haruko ulichangamka. Aliniambia kwa Kiingereza chake cha polepole kwamba alijihisi yuko kwao: maji langoni, viatu nje, kengele ndani. Akaninong'oneza kwamba leo tumebadilishana nafasi, kwamba mimi ndiye mwongozaji na yeye ni mgeni, na kwamba hatanitoa machoni.

"Chochote utakachofanya, nitafanya," alisema.

Nilikaribia kutokwa na machozi.

Anti Premila alitupokea akiwa na sari ya zambarau, akanipaka mwenyewe alama nyekundu kwenye paji la uso. Tukaketi chini kwenye mazulia, wanawake upande mmoja na wanaume upande wa pili. Papa Dieudonné akakaa kati ya wazee wawili, mgongo wake nimeuelekeza ukutani kwa makusudi. Ibada ikaanza. Kengele, maua, maziwa yaliyomwagwa polepole juu ya jiwe jeusi, moto mdogo wa kafuri uliozungushwa kwenye sinia kisha ukapitishwa kwetu ili tuufunike kwa viganja na kujigusa uso. Nilifanya yote kwa makini. Bi Haruko alifanya yote nyuma yangu, kwa makini zaidi. Upande wa pili Papa Dieudonné alikuwa kimya kama kabati. Wanakamati walikuwa wakitutazama kwa pembe za macho, na niliona bega la Anti Premila likilegea.

Laiti ningeondoka wakati huo.

Baada ya ibada yakaja matangazo. Hakuna aliyekuwa amenionya kwamba Wahindu nao wana matangazo! (Shahada nzima ya masomo ya dini, na hakuna mhadhiri aliyelitaja hilo.) Mzee mmoja akasimama na karatasi. Paa linavuja, michango inakaribishwa. Fulani amelazwa, wanaoweza wakamwone. Kuna gari jeupe limeziba lango, mwenyewe aliondoe. Ilikuwa sauti ile ile ya kwetu, kukohoa kule kule, watoto wale wale wanaotambaa chini ya miguu ya watu. Gari la mtu limeziba lango, nanyi mnajua kwamba magari huziba malango katika dini zote. Mwili wangu ukatulia. Ulitambua uko wapi na ni saa ngapi. Akili yangu haikuulizwa.

Ndipo Anti Premila akachukua kipaza sauti. Akasema kuna wageni. Akasema kwamba binti huyu ameketi nao asubuhi nzima kwa heshima, na kwamba angependa awaambie maneno mawili. Akanikabidhi.

Hakuniarifu kabla. Nasisitiza: hakuniarifu!

Nilisimama. Maneno nilikuwa nayo. Nilikuwa nimeyaandaa kwa ajili ya kamati: shukrani, vibarua wa miwa, mikono iliyochoka siku nzima shambani kisha ikabeba matofali jioni. Yalikuwa maneno mazuri. Nikakigonga kipaza sauti kwa kidole kuona kama kinafanya kazi. Kikakoroma kidogo. Nikavuta pumzi. Nikasema, kwa Kiingereza kilichonyooka, ili asiwepo wa kuhitaji mkalimani:

"Bwana asifiwe!"

Kimya.

Sasa, nyinyi mliokulia huko nilikokulia mnajua kwamba kimya baada ya salamu hiyo kina maana moja tu. Kanisa limelala. Na kanisa likilala, dawa yake ni moja. Kwa hiyo, na hapa naomba mnihurumie, niliongeza sauti.

"Nimesema, Bwana asifiwe!"

"Amina!" ikajibu sauti nene kutoka upande wa wanaume.

Ilikuwa sauti ya kile kinywa kisicho na shida.

Na Amina hiyo ndiyo iliyonimaliza. Ningeachwa katika kimya kile kwa muda mfupi zaidi, pengine ningezinduka. Lakini mtu akiitikiwa huendelea. Ndivyo tulivyolelewa.

"Jina langu ni Neema," nikasema. "Nimeokoka, na ninampenda Yesu kama Bwana na Mwokozi wa maisha yangu."

Hapo ndipo nilipomwona Anti Premila. Hakuwa amekunja uso. Ingekuwa nafuu. Alikuwa amefumba macho, kama mtu aliyeketi kwa daktari wa meno akingoja amalize. Mzee wa matangazo alikuwa ameikunja karatasi yake mara nyingi hata imekuwa ndogo kama sarafu. Mbele kabisa mwanamume mmoja aliinuka nusu, akamshika mkewe kiwiko kwa ishara ya twende. Niliiona ruhusa yangu ikitoka mlangoni na kuvaa viatu vyake.

Nikajaribu kurekebisha. Nikasema samahani, sikukusudia, ni mazoea tu ya kinywa, mimi si miongoni mwa wale. Maneno yalikuwa sahihi. Lakini mazoea yana mwanzo na yana mwisho, nami nilikwisha kuingia kwa mlango wake, ikabidi nitokee kwa mlango wake.

"Mzidi kuniombea," nikamalizia.

(Naam. Niliwaomba waniombee.)

Nikamnyooshea Anti Premila kipaza sauti. Hakukiona, macho yake yalikuwa bado yamefumbwa. Aliyekipokea, kwa mikono miwili na kwa heshima kubwa, alikuwa Bi Haruko.

Mgeni amtazame mwongozaji wake, na afanye kama afanyavyo.

Nilitaka kumzuia, lakini alikuwa ameshasimama. Alinyoosha kola yake. Akakigonga kipaza sauti kwa kidole, pale pale nilipokigonga mimi. Akavuta pumzi.

"Bwana asifiwe," akasema, taratibu, kila silabi mahali pake.

Akangoja. Hakuna aliyejibu. Hata Papa Dieudonné hakujibu, kwa kuwa sasa alikuwa ameelewa, na alikuwa ameuficha uso wake kati ya magoti. Basi Bi Haruko akafanya kama nilivyofanya. Akaongeza sauti.

"Nimesema, Bwana asifiwe. Jina langu ni Haruko. Nimeokoka." Akafikiri kidogo, akinitazama kama anayehakikisha mpangilio. "Mzidi kuniombea."

Kisha akainama mpaka kiunoni, akabaki hapo akingoja.

Ndugu zangu, sijawahi kusikia ukimya wa aina ile. Bi Haruko ameinama. Hakuna anayemjibu. Na katika safu ya mbele alikuwapo bibi mmoja mzee sana mwenye sari nyeupe. Baadaye niliambiwa kwamba wajukuu zake wote wamehamia kanisani na kwamba kiitikio cha salamu ile hukisikia kila siku akiwa mezani, wala hakipendi. Lakini mgeni alikuwa ameinama, na ameinama muda mrefu, na bibi hakuweza kuvumilia kuona mgeni amesalimu nyumba yao asijibiwe.

"Amina, mpenzi wangu," akasema. "Keti sasa, utaumia mgongo."

Hekalu likapasuka kwa kicheko. Kilianzia kwa wanawake, kikavuka mazulia, kikawazoa wazee. Yule mwanamume aliyekuwa akiondoka alikaa tena, kwa sababu mtu hawezi kutembea akicheka namna ile. Kuhani aligeukia madhabahu kana kwamba ana shughuli huko, lakini mabega yake yalikuwa yakitikisika. Bi Haruko akaketi ameridhika. Aliniuliza kwa kunong'ona kama amesahau chochote.

Tulipewa chakula nje, barazani. Wali, dengu, boga, na kile kitamutamu cha chenga za ngano wanachokiita soji. Kamati ilikaa kando kujadiliana, nasi tukakaa tukila huku tukiona tunajadiliwa. Papa Dieudonné aliongezewa mara ya pili bila kuomba. Nilimgeukia kwa ghadhabu yote niliyokuwa nayo.

"Papa, kwa nini uliitika?"

"Dada, ulisalimia."

"Nilikukataza njia nzima!"

"Ulinikataza kuanza," alisema, akifuta sahani kwa kidole. "Haukunikataza kujibu."

Nilimgeukia Bi Haruko, nikamwomba radhi, nikamweleza alichokuwa amewatangazia watu. Alisikiliza kwa makini. Akauliza neno lile kuokoka, ameokolewa kutoka kwa nini. Nilianza jibu, nikaliacha, nikalianza upya. Nilipomwambia kwamba nimemdhalilisha mbele ya watu, alitikisa kichwa.

"Ulisema bila kusita hata kidogo," alinieleza. "Nikajua hii ndiyo salamu ya nyumba hii." Akakunja leso yake vizuri. "Wewe kule kwetu ulimeza maji. Sasa tuko sawa."

Kumbe alikuwa ameona! Mwaka mzima alikuwa amelitunza!

Anti Premila akaja. Nikasimama, nikafungua kinywa, akainua kidole, nikakifunga.

"Wale wa kwanza walijua wanachosema," aliniambia. "Walituangalia usoni wakisema. Wewe, binti yangu, ulikuwa na sura ya mtu aliyekohoa akatoa chura."

Nikasema ndiyo, Anti.

"Kamati imekubali. Wageni wako waje. Nitawapokea mlangoni na kuwatembeza ndani mimi mwenyewe. Wewe utakaa pale." Akaonyesha kibanda cha viatu.

"Lakini Anti, mimi ndiye mwongozaji."

"Ndiyo. Waongoze mpaka kwenye viatu."

Nilitaka kueleza. Nilitaka kutaja masomo yangu, utafiti wangu, ile asubuhi nzima niliyokaa bila kukosea. Lakini wakati huo Papa Dieudonné, aliyeona hakuna tena la kuficha na ambaye mshono ulikuwa ukimkwaruza kwapani tangu saa moja, alikuwa amelivua shati lake uani na kulivaa upande unaopaswa. Anti Premila aliyasoma maandishi ya mgongoni. Aliyasoma polepole, huku akiniomba nimtafsirie, nami nikamtafsiria kwa sauti ndogo kabisa. Nilitazamia makubwa.

"Huyu anaweza kuingia," akasema. "Huyu ukimwona tu, unajua."

Kwa hiyo huo ndio uamuzi. Papa Dieudonné, mwenye Yesu Anaweza mgongoni, ataingia. Bi Haruko ataingia, na bibi wa sari nyeupe ameshamwalika chai. Mimi, niliyeanzisha matembezi haya, niliyepigania kila mlango, nitakaa kwenye benchi kando ya bomba na kugawa namba za viatu. Nimetafakari njia nzima ya kurudi nikitafuta dhuluma iko wapi ili niandike malalamiko rasmi. Iko mahali fulani. Nina hakika iko mahali fulani. Nitaipata.

Tafadhali msicheke. Hasa nyinyi wa ushirika wetu mlioniandikia kuuliza kwa nini leo matangazo yamesomwa vibaya. Mnakaribishwa nyote kwenye matembezi. Vaeni viatu vizuri bila hofu ya wezi, maana vitalindwa na mtu aliyeokoka.